Umerejea Ofisini, Lakini Mkataba wa Intaneti wa Nyumbani Bado Unaendelea

Kufanyia kazi nyumbani lilikuwa jambo la watu wachache hapa nchini hadi mwaka 2020. Tarehe 17 Machi mwaka huo Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, na katika majuma yaliyofuata baadhi ya kampuni na mashirika yaliwaruhusu watumishi wao kubaki majumbani na kompyuta zao. Tangu hapo utaratibu huo haujatoweka kabisa. Wapo waajiri walioufanya kuwa wa kudumu kwa siku chache za juma. Utumishi wa umma nao umeuonja: tarehe 27 na 28 Januari 2025, wakati wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Dar es Salaam kujadili nishati, watumishi wa umma jijini humo walielekezwa kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao majukumu yao yaliwalazimu kuwapo kazini.

Siku mbili hazimfanyi mtu aingie mkataba. Miezi sita humfanya. Mtumishi anayejua kwamba atakuwa nyumbani kwa muda mrefu huvuta intaneti ya faiba, hupewa ruta, husajili laini ya data na hukabidhiwa kompyuta mpakato ya ofisi. Kisha barua inakuja kwamba kuanzia Jumatatu kila mtu aripoti ofisini. Kurejea kwenyewe ni jambo la siku moja: mtu anaamka alfajiri, anapanda daladala au mwendokasi, anaketi mezani pake, basi. Mtoa huduma wa intaneti, hata hivyo, hakupelekewa nakala ya barua hiyo. Kwake yeye mteja yupo, huduma ipo, na ankara ya mwezi itatoka kama kawaida.

Makala haya yanahusu gharama na wajibu unaobaki nyumbani baada ya mtumishi kuondoka. Tungependa msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo: kuacha kutumia huduma si kuisitisha, na kuacha kulipa si kuvunja mkataba.

Kwa nini wengi hunaswa hapa

Sababu iko katika mazoea. Sehemu kubwa ya huduma tunazonunua kila siku hulipiwa kabla ya kutumika. Umeme wa LUKU ukiisha, taa huzimika, na hakuna anayekuja kudai. Kifurushi cha simu kikimalizika, kimemalizika. Usiponunua kingine, hudaiwi. Mazoea hayo yametufundisha kwamba huduma isiyolipiwa hujifunga yenyewe.

Intaneti ya nyumbani inayolipiwa kwa ankara haiendi hivyo. Mteja hutumia kwanza, kisha hulipa. Na mkataba huhesabu miezi, wala hauangalii kama ruta iliwashwa au ilikaa kabatini. Mtu akiacha kulipa, mtoa huduma anaweza kuikata huduma, lakini ada za muda uliobaki, au fidia ya kuvunja mkataba mapema ikiwa imeandikwa, zinaweza kuendelea kuhesabiwa kuwa deni. Ndiyo maana mtu aliyeamini kwamba alikwisha kuachana na huduma mwezi Septemba hushangaa kupokea ujumbe wa deni mwezi Januari.

Jambo la kwanza la kufanya, basi, ni kujua uko upande gani. Kama intaneti yako ya nyumbani ni ya malipo ya kabla, na hukupewa kifaa kwa masharti ya muda, unaweza kuacha tu kununua. Kama ni ya ankara, au ulifungiwa vifaa bure kwa ahadi ya kukaa mwaka mmoja au zaidi, tafuta mkataba wako leo. Ukiukosa, omba nakala kwa mtoa huduma. Ni haki yako kujua masharti uliyoyatilia saini, hata kama ulitia saini ukiwa na haraka ya kuwahi mkutano.

Jina la nani limo kwenye mkataba?

Hapa ndipo penye matatizo makubwa zaidi, nasi tutakaa hapa kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mhasibu anayeishi Mbezi na kufanya kazi Posta. Mwezi Machi mwajiri anamwambia afanyie kazi nyumbani na kwamba kampuni itagharamia intaneti. Mhasibu anakwenda kwa mtoa huduma na kitambulisho chake cha Taifa, anajaza fomu kwa jina lake na kutia saini mkataba wa miezi 12 wenye ada ya shilingi 70,000 kwa mwezi. Kuunganishiwa ni bure, kwa sharti kwamba miezi yote 12 itatimizwa. Kila mwezi kampuni inaongeza shilingi 70,000 kwenye mshahara wake na kuziita posho ya mawasiliano. Septemba inapoanza, wote wanarejea ofisini, na posho inakoma mwezi huohuo. Mkataba umebakiza miezi sita, yaani shilingi 420,000.

Nani anadaiwa fedha hizo? Kwa upande wa mtoa huduma jibu ni rahisi: anadaiwa aliyetia saini. Mwajiri hakuwa mhusika wa mkataba huo. Mtoa huduma hana sababu ya kujua kwamba fedha zilitoka mfuko mwingine kabla ya kumfikia, na kumweleza habari za posho hakutabadilisha ankara.

Kwa upande wa mwajiri jibu linategemea kilichokubaliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampatie mwajiriwa maelezo ya maandishi ya ajira yake, na miongoni mwa maelezo hayo ni mahali pa kazi. Maelezo hayo yakibadilika, mwajiri anatakiwa kuyarekebisha kwa kushauriana na mwajiriwa na kumjulisha kwa maandishi. Kwa hiyo barua ya kumpeleka mtumishi nyumbani haipaswi kuwa tangazo la mdomo tu, na ndimo mahali panapofaa kuandikwa nani atabeba gharama za intaneti, kwa muda gani, na nini kitatokea siku ya kurejea. Ukiletewa barua ya namna hiyo siku zijazo, itazame kwa jicho hilo kabla ya kwenda kutia saini mkataba wa mwaka mzima kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine.

Na kama barua haikuwapo? Kusanya kilichopo. Barua pepe ya meneja, ujumbe aliouandika kwenye kundi la WhatsApp la idara, hati za malipo ya mshahara zinazoonyesha posho mwezi baada ya mwezi: vyote hivyo husaidia kuonyesha kwamba mkataba uliingiwa kwa maelekezo ya mwajiri na kwa manufaa ya kazi yake. Kisha mwandikie mwajiri kabla posho haijakoma, si baada. Mweleze kwamba mkataba una miezi kadhaa iliyosalia, taja kiasi, na mpe njia za kuchagua: kampuni iendelee kulipa hadi muda uishe, au ilipe ada ya kuvunja mkataba, au mkataba uhamishiwe kwa jina la kampuni na huduma ipelekwe mahali inapohitajika, ikiwa mtoa huduma anaruhusu.

Tunafahamu kwamba watumishi wengi huona haya kuandika barua kama hiyo. Wanahofia kuonekana wasumbufu wakati wenzao wamekaa kimya. Maoni yetu ni kwamba shilingi 420,000 si kiasi cha kumezwa kwa sababu ya haya, na kwamba mwajiri aliyepewa hesabu iliyo wazi mapema mara nyingi hupata urahisi wa kuitatua kuliko yule anayeletewa deni la miezi sita kwa mkupuo.

Namna ya kusitisha huduma

Mkataba ukiwa mkononi, tafuta vifungu vinavyoeleza muda wa chini wa mkataba, notisi ya kusitisha, ada ya kusitisha mapema na umiliki wa vifaa. Vifungu hivi havikai pamoja kila mara. Kifungu cha vifaa huweza kuwa mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo.

Notisi huhesabiwa tangu siku mtoa huduma alipoipokea. Tuseme mkataba wako unataka notisi ya siku 30. Ukisubiri hadi siku ya kwanza ofisini ndipo uandike, umejinunulia siku 30 nyingine za huduma ambayo huihitaji kwa kazi. Ukiandika siku barua ya kurejea ilipofika, na barua ikawa imetolewa majuma matatu kabla, sehemu kubwa ya notisi itakuwa imekwisha ukiwa bado unaitumia huduma. Tofauti hiyo ni karibu ada ya majuma matatu.

Notisi iwe ya maandishi. Kupiga simu kituo cha huduma kwa wateja si vibaya, lakini simu haiachi karatasi. Barua haihitaji ufundi:

"Mimi ni mteja mwenye akaunti namba (andika namba). Ninatoa notisi ya kusitisha huduma ya intaneti iliyoko (andika mahali) kuanzia tarehe (andika tarehe), kwa mujibu wa mkataba wetu. Naomba mnijulishe kwa maandishi kiasi chochote mnachonidai na jinsi kilivyokokotolewa, pamoja na utaratibu wa kurejesha vifaa vyenu."

Ipeleke dukani na ugongewe muhuri kwenye nakala yako, au itume kwa barua pepe na uombe namba ya kumbukumbu. Sentensi ya tatu ya kuomba ukokotoaji isiachwe. Mteja akiambiwa kwenye simu "unadaiwa laki tatu na nusu" huwa hana la kujibu. Akiletewa hesabu kwenye karatasi anaweza kuona kwamba mwezi fulani umehesabiwa mara mbili, au kwamba ada ya kusitisha imezidi iliyoandikwa kwenye mkataba.

Kabla ya kukubali ada ya kusitisha mapema, uliza pia kama kuna njia nyingine. Baadhi ya watoa huduma hukubali kushusha mteja kwenye kifurushi cha bei nafuu, kusimamisha huduma kwa muda, kuihamishia anuani nyingine, au kuiandikisha kwa jina la mtu mwingine anayeitaka, kama vile jirani au mpangaji anayehamia. Hawalazimiki kukubali yote hayo ikiwa mkataba hausemi hivyo, lakini kuuliza hakutozwi. Wakikubali, maandishi yawepo.

Ikiwa huduma ilikuwa mbovu tangu awali, na uliripoti, usisahau kumbukumbu hizo. Mteja aliyeahidiwa kasi fulani, asiipate kwa miezi, na akawa na namba za malalamiko aliyofungua, ana hoja ya kupinga ada ya kusitisha. Asiyeripoti hata mara moja atapata kazi ngumu kuithibitisha.

Kuhusu ruta: kama ni ya mtoa huduma, irejeshe wewe mwenyewe dukani na upewe hati yenye namba ya kifaa. Piga picha ya lebo ya nyuma kabla ya kuitoa nyumbani. Akija fundi kuichukua, mwombe kitambulisho cha kazi na hati ya kupokea. Akisema hati italetwa kesho, na ruta nayo ichukuliwe kesho.

Ukiamua kubaki na huduma

Si lazima kusitisha. Wako waliorejea ofisini kwa siku tatu tu za juma, na siku mbili zilizobaki bado wanafanyia kazi nyumbani. Hao wapige hesabu upya, kwa sababu bei ya mwezi haijabadilika ila siku za kazi zinazoitumia zimepungua. Kwa ada ileile ya shilingi 70,000, mtu aliyekuwa nyumbani siku 22 za kazi alilipa takribani shilingi 3,180 kwa siku. Akiwa nyumbani siku 8 tu kwa mwezi, kila siku ya kazi inamgharimu shilingi 8,750. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kufikia matumizi ya GB 1 au kuzidi, kutegemea ubora wa picha; mkutano wa sauti pekee hutumia sehemu ndogo tu ya hiyo. Mwenye mikutano ya saa mbili katika kila moja ya siku hizo nane anahitaji takribani GB 16 kwa mikutano, na anaweza kulinganisha na bei ya kifurushi cha kawaida cha data cha kiasi hicho.

Lakini hesabu hiyo ni ya mtumishi peke yake. Katika miezi ile watoto wamezoea kuangalia masomo na katuni, na televisheni imeunganishwa. Siku ruta ikiondolewa, mzigo huo utahamia kwenye vifurushi vya simu za wazazi, na huenda ukazidi ile shilingi 70,000. Kabla ya kuamua, angalia matumizi ya kaya nzima kwa majuma mawili. Simu nyingi huonyesha kiasi cha data kilichotumika katika mipangilio yake, na baadhi ya ruta na programu za watoa huduma huonyesha jumla ya nyumba nzima.

Laini ya simu iliyomo kwenye kifaa

Wengi hawakuvuta faiba. Walipewa kifaa kidogo cha mkononi kinachogawa intaneti, chenye laini ndani yake, na mwajiri akasema: isajili kwa jina lako, sisi tutaiwekea salio. Kwa siku ile ilikuwa njia ya haraka. Wakati wa kurejea, kifaa hurudishwa stoo ya ofisi laini ikiwa bado imo ndani, na baada ya mwezi mmoja kinapewa mtumishi mpya ambaye mwenye laini hamjui.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka laini isajiliwe kabla ya kutumika, na tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, laini hufungamanishwa na kitambulisho cha Taifa cha aliyeisajili. Laini hiyo ikitumika kutuma ujumbe wa utapeli au kufungua akaunti ya uongo mtandaoni, mtu wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye usajili. Ataweza kujieleza, lakini atajieleza akiwa kituoni.

Kwa hiyo toa laini yako kabla ya kukabidhi kifaa. Ikiwa ofisi inaitaka namba ileile, nendeni pamoja kwa mtoa huduma laini ihamishiwe kwenye usajili wa kampuni. Ikiwa hakuna anayeihitaji, ifunge dukani, na kama ilikuwa na akaunti ya fedha, toa salio kwanza. Kisha piga *106# kwenye simu yako uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma husika ukaifute.

Kuna hali iliyo kinyume cha hiyo, ambayo watu huifikiria mara chache. Laini ni ya kampuni, imesajiliwa kwa jina la kampuni, lakini katika miezi ya kukaa nyumbani ulikuwa unaitumia kwa mambo yako: uliiandikisha benki, uliiweka kwenye barua pepe yako binafsi ili upokee namba za siri, na WhatsApp yako imefunguliwa kwa namba hiyo. Siku utakapoirejesha, namba za siri za benki yako zitaanza kumfikia mtu mwingine. Mpangilio wa hatua ndio wenye maana hapa. Anza benki, badilisha namba na uhakikishe ujumbe wa uthibitisho unafika kwenye laini yako mwenyewe. Fuata barua pepe. Kisha WhatsApp, ambayo ina kipengele cha kuhamisha akaunti kwenda namba nyingine. Laini ya ofisi irudi mwisho kabisa, hata kama stoo wanaiulizia kila siku.

Kukabidhi vifaa vya mwajiri

Kompyuta mpakato iliyokaa sebuleni miezi minane, karibu na watoto na chai, hairudi kama ilivyotoka. Mikwaruzo ni uchakavu wa kawaida. Kioo kilichopasuka si uchakavu. Ugomvi huanza pale ambapo hakuna hati inayoonyesha kifaa kilitoka kikiwa na hali gani. Kama ulipokea bila hati, andaa hati ya makabidhiano sasa: aina ya kifaa, namba yake, hali yake, vifaa vilivyoambatana nacho, tarehe, na saini ya anayepokea. Piga picha kikiwa kimewashwa.

Mwajiri akidai fidia ya uharibifu, hawezi kuukata mshahara jinsi apendavyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, makato ya namna hiyo yanahitaji ridhaa ya maandishi ya mwajiriwa; hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake; mwajiriwa awe amepewa nafasi ya kujieleza; kiasi kisizidi hasara halisi; na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Anayeona mshahara umekatwa bila hatua hizo apeleke mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwani hilo ni suala la ajira na si la mawasiliano, na sisi hatuna mamlaka nalo.

Kabla kompyuta haijaondoka nyumbani, toa mambo yako. Nakala za vyeti, picha za kitambulisho ulizozituma kwa haraka, ripoti za shule za watoto, nywila zilizohifadhiwa na kivinjari. Toka kwenye barua pepe yako binafsi. Kwenye simu, fungua WhatsApp, nenda sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uitoe kompyuta hiyo kwenye orodha. Bila hivyo, atakayepewa kompyuta anaweza kuendelea kusoma mazungumzo yako. Kazi za ofisi usizifute, hizo ni za mwajiri.

Wako pia waliotumia kompyuta zao wenyewe na kuwekewa programu ya kufuatilia saa za kazi, inayopiga picha ya skrini au kuandika tovuti zilizofunguliwa. Kazi ikirudi ofisini, sababu ya programu hiyo kuwamo kwenye kifaa chako imekwisha. Omba kwa maandishi iondolewe na ujulishwe ni taarifa gani zilikusanywa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na kutaka zirekebishwe, na malalamiko yake hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Vifurushi vya njiani

Kwa ufupi tu: anayesafiri saa mbili kwenda na saa mbili kurudi hutumia data njiani, na wengi hununua kifurushi cha siku kila asubuhi kwa mazoea. Jumlisha siku 22 na ulinganishe na kifurushi cha mwezi kabla ya kuamua. Kanuni ndogo za vifurushi za mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma akujulishe matumizi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100, asikutoze nje ya kifurushi bila ridhaa yako, na akuwezeshe kumhamishia mwingine wa mtandao huohuo sehemu ya kifurushi chako. Mwenye kifurushi kikubwa kilichobaki tangu enzi za nyumbani anaweza kukigawa kwa jamaa zake badala ya kukiacha kiishie muda.

Mkishindwa kuelewana

Malalamiko ya huduma za mawasiliano huanzia kwa mtoa huduma. Tukipokea lalamiko ambalo halijapita huko, kwa kawaida tutalirudisha, na mlalamikaji atakuwa amepoteza majuma bila sababu. Fungua lalamiko kwa maandishi, chukua namba ya kumbukumbu, na usubiri jibu. Jibu lisipokuja au lisiporidhisha, tuletee lalamiko pamoja na nakala ya mkataba, notisi yako, ankara unazozipinga, hati ya kurejesha ruta na mawasiliano yote. Eleza unachotaka: deni lifutwe, kiasi kirekebishwe, au fedha zirudishwe. Asiyeridhika na uamuzi wetu anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Wakati lalamiko linashughulikiwa, lipa sehemu ya ankara usiyoipinga, na uandike wazi ni sehemu gani unayoipinga na kwa nini. Mtoa huduma akikubali kufuta deni, omba barua na ankara mpya inayoonyesha salio la sifuri. Deni lilelile likirudi kwenye ankara ya mwezi unaofuata, ambatisha nakala ya barua hiyo na uipeleke kwa mtoa huduma siku hiyohiyo.